Pedi iliyong'oka: bunduki ya .375 na kitako cha plastiki chenye uwazi ndani

Bunduki ni ya bolti (ya kukoki kwa mkono), kaliba .375 H&H Magnum, kilo 3.9 pamoja na darubini, na kitako chake ni cha plastiki nyeusi kama kilivyotoka kiwandani. Mwenyewe anaongoza wageni wa uwindaji kusini mwa Tanzania. Pedi ngumu ya kiwandani, yaani mto wa nyuma ya kitako unaokaa begani, ya milimita 13, ilikuwa imemchosha bega, akamwambia fundi amfungie ya mpira laini ya milimita 25. Haikukaa. Skrubu ya chini ilitoka na kipande cha plastiki, pedi ikabaki inazunguka kwenye skrubu ya juu, na mwenye bunduki akapata jeraha la nusu mwezi juu ya nyusi kutokana na ukingo wa darubini.

Mambo hayo mawili yana mzizi mmoja: fundi aliongeza pedi nene bila kukata kitako, na aliifunga mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kushika skrubu.

Tuanze na nguvu yenyewe. Risasi ya .375 H&H ya greni 300, yaani gramu 19.4, hutoka kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde. Ukijumlisha na gesi ya baruti, bunduki ya kilo 3.9 inarudi nyuma kwa zaidi ya mita 5 kwa sekunde, na teke lake ni jouli 55 hadi 60. Hilo ni mara mbili ya .30-06, kaliba ya kawaida ya kuwindia, kwenye bunduki ya uzito wa kawaida. Pedi laini haipunguzi nguvu hiyo hata kidogo. Inachofanya ni kuirefusha muda na kuitandaza kwenye eneo kubwa zaidi la bega. Lakini mpira unapobonyea hutanuka pembeni na kuvuta bamba gumu lililo chini yake, na kwa kuwa bega halikai sawasawa na kitako, sehemu ya chini hubanwa tofauti na ya juu. Skrubu zinapata mvuto wa kuzing'oa na wa kuzitelezesha kwa pamoja. Kwenye kitako cha mbao ngumu hilo si jambo. Kwenye plastiki yenye uwazi ndani, ni jambo kubwa.

Kilichoonekana baada ya kufungua

Kitako cha aina hii hutengenezwa kwa kumimina plastiki ya moto kwenye umbo. Kuta zina unene wa milimita 3 hivi, ndani mna mbavu zinazokingama, na skrubu za pedi huingia kwenye vinguzo viwili vya plastiki vyenye tundu katikati. Vinguzo hivyo vimepimwa kwa skrubu za kiwandani tu: nene, meno yaliyoachana, zimeingia sehemu zote za tundu.

Fundi alitumia skrubu nyingine. Bamba la pedi mpya lilikuwa nene kuliko la zamani, kwa hiyo skrubu yake, ya urefu uleule wa zile za zamani, ilibaki na milimita 6 tu ndani ya plastiki. Matundu nayo hayakulingana: ya zamani yalikuwa na umbali wa milimita 82 kati yake, ya pedi mpya 78. Badala ya kutoboa upya, skrubu ya chini ililazimishwa kwa mshazari. Kinguzo kilipasuka kwa urefu siku hiyohiyo ilipofungwa; teke lilimalizia tu.

Kuhusu jeraha la nyusi: urefu kutoka traiga hadi katikati ya pedi ulikuwa milimita 349 kiwandani. Pedi ya 25 ikachukua nafasi ya ile ya 13 na urefu ukawa 361. Milimita 12 zinasikika kidogo, lakini darubini hii inataka jicho likae milimita 90 hivi nyuma ya kioo. Kitako kikirefuka, jicho linabaki mbali na picha inaingia giza pembeni, kwa hiyo mpigaji ananyoosha shingo mbele bila kujijua. Tena kitako kirefu hakiingii kwenye shimo la bega vizuri, kinaegemea mkono. Kichwa kiko mbele, kitako hakijashikwa, pedi imelegea: darubini lazima imfikie.

Kabla ya kugusa chochote, bolti ilitolewa, chemba na magazini vikakaguliwa, kisha mtambo (sehemu ya chuma inayobeba bolti) na mtutu vikafunguliwa kutoka kwenye kitako na kubaki kabatini kwa mwenyewe. Kitako pekee ndicho kilichoingia karakana. Ukarabati wa silaha Tanzania una leseni yake, na mwenye bunduki anapaswa kujua anampa nani kazi. Vipimo viwili vilichukuliwa kabla ya kufungua: ule wa traiga hadi pedi, na ule wa mwinamo, yaani pembe ya uso wa kitako dhidi ya mtutu. Wa mwinamo hupimwa kwa kusimamisha bunduki tupu sakafuni kwa kitako, mtambo ukigusa ukuta, halafu kupima mdomo wa mtutu uko umbali gani na ukuta. Usipouandika kabla ya kukata, baadaye huna pa kurudi.

Plastiki inayokataa gundi

Swali la kwanza la fundi makini ni plastiki ya aina gani. Vitako vya kufinyanga kwa kitambaa cha faibaglasi na epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili) vinapokea epoksi bila tabu, na vingi vimejazwa ndani tayari. Hivi vya bei nafuu ni nailoni au polipropilini, mara nyingi imechanganywa na nyuzi fupi za kioo. Nailoni hushikana na epoksi kwa shida. Polipropilini haishikani kabisa. Ukiimwagia epoksi na kuiacha ikauke, unaibandua kwa ukucha.

Kuna kipimo cha haraka: kwangua kipande kidogo ndani ya kitako, kitie kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni. Kikielea ni polipropilini. Kikizama bado hujui, maana polipropilini yenye kioo cha kutosha nayo huzama. Hapa kilizama. Uamuzi wa busara katika hali hiyo ni kufanya kazi yote kana kwamba gundi haitashika, na kufanya kilichojazwa kizuiwe na umbo lake chenyewe.

Kwa hiyo mbavu za ndani zilitobolewa matundu ya milimita 6, mawili au matatu kila ubavu, ili epoksi ipite na kufungamana pande zote mbili. Kwenye kuta zilichimbwa vishimo vya kina cha milimita 1, vingi, kwa biti fupi iliyofungwa utepe kama alama ya kina, kwa sababu ukuta wa milimita 3 hausamehe mkono mzito. Sehemu yote ikasuguliwa kwa msasa namba 60 na kufutwa kwa spiriti. Vinguzo vyote viwili viliondolewa kwa patasi ndefu, na kilichopasuka na kilicho kizima. Kukiacha kizima kunavutia, lakini biti ya tundu jipya ikipita milimita 2 kutoka tundu la zamani itateleza na kuingia humo.

Povu la kupuliza la makopo, lile la kuzibia madirisha, lilipendekezwa na mwenye bunduki. Halifai. Halishiki skrubu, na likitanuka mahali palipofungwa linaweza kuvimbisha ukuta wa kitako. Linapunguza mlio wa debe tupu, basi.

Kujaza

Kilichojazwa ni kipande cha mninga kilichozungukwa na epoksi. Epoksi tupu ingewezekana, ila ina kasoro mbili. Ujazo wa uwazi huo kwa kina cha milimita 60 ulikuwa karibu sentimita za ujazo 190, na epoksi nyingi hivyo ikikauka kwa mara moja hujichemsha yenyewe hadi kutoa moshi na kukunja plastiki. Pili, epoksi nyingi zinazokaukia kwenye joto la kawaida huanza kulegea zikifika nyuzi 50 au 60 za Selsiasi. Kitako cheusi kilichoachwa kwenye gari lililofungwa juani Rufiji kinafika huko bila shida. Skrubu iliyoshikwa na mbao haijali.

Mninga ulichaguliwa kwa sababu hauchezi sana unyevu unapobadilika, na unapokea gundi. Mpingo na mtiki, pamoja na sifa zake zote, vina mafuta yanayoifukuza gundi. Lakini jambo ambalo wengi hulikosea si aina ya mbao, ni mwelekeo wa nyuzi. Mtu hukata kipande kirefu akakisukuma ndani kwa urefu wa kitako, nyuzi zikienda mbele na nyuma. Skrubu za pedi sasa zinaingia kwenye kichwa cha mbao, sambamba na nyuzi, na huko mshiko ni dhaifu zaidi. Kipande kidogo kama hiki kinaweza kuziachia polepole. Nyuzi zinatakiwa zisimame, kutoka ncha ya chini ya kitako kwenda kisigino cha juu, ili skrubu izikate kwa kukingama.

Kipande kilichongwa kikiacha nafasi ya milimita 2 hadi 3 kila upande, kikawekewa mikato pale penye mbavu, na kikatobolewa tundu la milimita 6 kutoka nyuma hadi mbele. Tundu hilo ni njia ya hewa. Bila hilo unasukuma kipande ndani, hewa iliyobanwa inakirudisha, na epoksi inakurukia usoni.

Mbele ya uwazi, kuelekea kwenye mshiko, kilishindiliwa kizibo cha sifongo ili epoksi isitiririke hadi penye traiga. Kitako kikafungwa kwenye jiliwa lenye mataya ya mpira, uso wa nyuma ukiangalia juu. Epoksi ilikuwa ya hadena (sehemu ya pili, inayoigandisha rezini) ya polepole, aina wanayotumia mafundi wa boti. Kwenye kopo imeandikwa dakika 30, lakini hicho ni kipimo cha chumba chenye ubaridi. Kila nyuzi 10 zikiongezeka muda unapungua kwa nusu hivi, na kwa joto la mchana wa pwani hesabu dakika 15. Kipimo cha rezini na hadena kifuatwe kwa mizani. Kuongeza hadena "ikauke haraka" kunaiacha ikiwa laini milele.

Kwanza ilimiminwa tabaka ya sentimita 2 kuzibia kizibo, ikaachwa hadi ikaganda bila kukauka. Kisha kipande cha mninga kikapakwa epoksi tupu pande zote, hasa vichwani. Epoksi iliyobaki ikachanganywa na nyuzi za faibaglasi zilizokatwakatwa hadi ikawa nzito kama uji wa mgonjwa, ikapakwa kwenye kuta na mbavu kwa kijiti, na kipande kikasukumwa taratibu hadi epoksi ikachomoza kwenye tundu la hewa. Saa 24 bila kuguswa.

Yote hayo yaliongeza gramu 150 na ushei kwenye kitako. Mizani ya bunduki ilirudi nyuma kidogo, na teke likapungua kama asilimia 4 kwa uzito peke yake. Si cha kujivunia, ila hakuna aliyelalamika.

Kukata baada ya kujaza, si kabla

Mpangilio huu una maana. Ukikata kitako kitupu, kuta nyembamba zinatetemeka chini ya msumeno na ukingo unatoka na meno. Kikiwa kimejazwa unakata kitu kigumu kimoja, na mbao, epoksi na plastiki vinatoka na uso mmoja.

Hesabu ni rahisi: 349 kutoa 25 ni 324. Plastiki iliishia 336, kwa hiyo zinatoka milimita 12. Alama iliwekwa kwenye 324.5 ili nusu milimita ibaki ya kusawazisha. Utepe wa karatasi ulizungushwa kitakoni, mstari ukachorwa juu yake sambamba na uso wa zamani ili mwinamo usibadilike, na ukakatwa kwa msumeno wa chuma wa meno 24 kwa inchi, polepole. Msumeno wa umeme unaozunguka kasi huyeyusha plastiki. Inaganda tena nyuma ya meno na kubana blade. Mwisho uso ulisuguliwa kwenye msasa namba 120 uliogundishwa juu ya kioo bapa, hadi hakuna mwanga unaopita chini ya rula.

Kuna wanaouliza kwa nini isinunuliwe pedi iliyokwisha kuchongwa kiwandani kwa modeli husika. Kama kitako chako kina vinguzo vizima na urefu unakutosha, nunua hiyo na uache kusoma hapa. Lakini kitako hupungua unene kuelekea mbele, hivyo kila milimita unayokata inaufanya uso mpya kuwa mdogo kuliko ule wa zamani, na pedi ya kiwandani itachomoza pande zote. Ukishakata, ni pedi ya kuchonga tu.

Skrubu

Pedi ya aina hii inafungwa kupitia mpira wenyewe: skrubu hutumbukizwa kutoka nyuma, hukaa kwenye bamba gumu la chini, na mpira unajifumba juu yake. Ilitumika skrubu ya mbao ya chuma kisichoshika kutu, milimita 4.2 kwa 40. Ukitoa unene wa bamba, milimita 35 zinabaki ndani ya mninga, badala ya 6 za mwanzo.

Tundu la juu lilitobolewa kwanza kwa biti ya milimita 3, pedi ikafungwa kwa skrubu hiyo moja, ikasawazishwa katikati, kisha la chini likapigwa alama kupitia bamba lenyewe. Kutoboa yote mawili kwa rula ndiko kunakozaa mshazari. Meno ya skrubu yalipakwa nta ya mshumaa.

Bisibisi iwe ya nyota, mti wake wa duara na mwembamba, na uchovywe kwenye maji ya sabuni kabla ya kupenya mpira. Mti wenye pembe sita unachana tundu na halifumbi tena. Usitumie mafuta ya bunduki kulainisha, mpira unayanywa. Kaza hadi bamba liguse kitako pande zote, kisha robo mzunguko. Ukizidisha bamba linapinda katikati na ukingo unaachia.

Gundi kati ya pedi na kitako haikuwekwa. Pedi ni kitu cha kubadilishwa, na iliyogundishwa hutoka na vipande.

Kuchonga mpira bila kugusa plastiki

Hapa ndipo kitako cha plastiki kinapotofautiana kabisa na cha mbao. Kwenye mbao unasugua pedi na kitako kwa pamoja hadi kidole kisihisi kiungo, halafu unapaka rangi upya. Kwenye plastiki yenye uso wa chembechembe uliotoka kiwandani, mkwaruzo mmoja wa msasa unang'aa daima na hakuna dawa yake. Kwa hiyo lengo si kufanya kiungo kipotee. Lengo ni pedi kuzidi kitako kwa milimita 0.2 kuzunguka kote, sawasawa, na kuishia hapo.

Pedi ikiwa imefungwa, bamba lake lilifunikwa kwa utepe mweupe pembeni, na sindano ngumu ikalazwa bapa juu ya kitako na kuzungushwa ili ichore mstari. Pedi ikafunguliwa na kufungwa kwenye kishikio cha plaiwudi ya milimita 18 chenye bawaba, kilichoegemezwa mbele ya mashine ya msasa wa mkanda. Bawaba inahitajika kwa sababu mstari wa chini wa kitako haukutani na uso wa nyuma kwa pembe mraba. Hapa ulikuwa karibu nyuzi 77. Ukichonga upande wa chini wima, ncha ya pedi inatokeza kama mguu ulioongezwa, na hata asiyejua bunduki anaona kuna kitu hakiko sawa. Pembe inachukuliwa kwenye kitako kwa skwea ya kukunja na kuhamishiwa kwenye kishikio. Upande wa mgongo una pembe yake, nao upimwe kivyake.

Mkanda namba 80 hadi milimita 0.8 kutoka mstari, namba 120 hadi 0.3. Shinikizo liwe la kugusa tu. Ukisukuma, mpira laini unajificha mbele ya mkanda huku bamba gumu likiliwa. Ukiachia, mpira unarudi umevimba juu ya bamba, na sasa huwezi kuupunguza bila kuzidi mstari. Pedi laini sana ilazwe kwenye friza saa chache kwanza, na irudishwe ikianza kunata. Mpira uliopata joto hauchongeki, unapakaa. Barakoa ya vumbi si hiari, kwa mpira wala kwa faibaglasi.

Kilichobaki kilimaliziwa kwa mkono pedi ikiwa imerudishwa kitakoni: tabaka mbili za utepe kwenye plastiki, jumla yake kama robo milimita, na msasa namba 220 wenye maji uliozungushwa kwenye kipande cha mbao, ukivutwa kutoka kitakoni kwenda kwenye mpira. Utepe ukianza kuchubuka, umefika. Kisigino cha juu kikaviringwa kidogo ili kisinase shati bunduki inapoinuliwa ghafla. Kwa bunduki ya nyati hilo si urembo.

Baada ya kufunga

Mtambo ulirudishwa na skrubu zake kukazwa kwa nyutonimita 4 hadi 5, kwa kuwa kitako hiki hakina mabomba ya alumini ya kuzuia plastiki kubonyea. Urefu ulipimwa: 349. Mwinamo uleule. Mtutu ukitolewa kitakoni na kurudishwa, shabaha inaweza kuhama, kwa hiyo darubini ilirekebishwa upya kiwanjani. Hilo halihusiani na pedi, ni matokeo ya kufungua.

Mstari wa penseli ya nta ulichorwa kukatiza kiungo cha pedi na kitako, pande zote mbili, kabla ya risasi za kwanza. Zilipigwa kwa kusimama, si kwa kuegemea meza, maana mezani mwili haurudi nyuma na bega linabeba teke lote. Mistari ilibaki imeungana. Kichwa cha mpigaji nacho kilibaki mahali pake bila kuambiwa.

Kuhusu matunzo, mambo matatu yalielezwa kwa mwenyewe. Bunduki isisimamishwe kabatini kwa uzito wake juu ya pedi laini, maana hubonyea na kubaki hivyo, na mafuta ya mtutu hushuka hadi kwenye mpira. Dawa ya mbu yenye DEET ioshwe mikononi kabla ya kushika kitako, kwani inayeyusha rangi na baadhi ya plastiki. Na skrubu za pedi zikaguliwe kwa kubonyeza ukingo kwa kidole gumba baada ya msimu: mwanya ukionekana popote, kaza robo mzunguko, ukirudi, fungua uangalie mninga.